Nairobi hadi New York: tiketi inasema saa 7, safari ni saa 15

Msomaji wa Arusha ameuliza hivi: "Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, atasafiri kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York kumwona mjukuu wake. Tiketi inaonyesha kwamba ataondoka saa 23:25 tarehe 12 Desemba na kufika saa 06:25 tarehe 13, yaani saa 7 tu. Kurudi, ataondoka saa 13:00 tarehe 20 Januari na kufika Nairobi saa 10:45 tarehe 21, yaani karibu saa 22. Umbali ni ule ule, sasa muda unatofautianaje kiasi hicho? Tena nimeona kwenye ramani ya kompyuta kwamba ndege inapinda kwenda kaskazini, inapita juu ya Sahara, badala ya kwenda magharibi moja kwa moja. Je, inazunguka? Na kwa hakika mama atakaa ndani ya ndege saa ngapi?"

Ndugu msomaji, nikupe kwanza jibu lenyewe, kisha nieleze limepatikanaje. Mama atakaa ndani ya ndege saa 15 wakati wa kwenda, na saa 13 na dakika 45 wakati wa kurudi. Umbali wa njia iliyo fupi kuliko zote kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 11,840. Wala ndege haizunguki: njia ile unayoiona imepinda kwenye ramani ndiyo iliyonyooka juu ya dunia, na ile unayoidhani imenyooka ndiyo ya mzunguko.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndizo zilizokutia wasiwasi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya ndege ni saa ya mji ulioandikwa mbele yake, na tiketi haikusaidii kulinganisha. Saa 23:25 ni ya Nairobi. Saa 06:25 ni ya New York. Nairobi, kama Arusha na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, iko mbele ya saa za kimataifa kwa saa 3, ilhali New York mwezi Desemba iko nyuma yake kwa saa 5, kwa hiyo kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa 8. Kanuni ninayowafundisha watu wote wanaoniuliza ni kuchagua saa ya mji mmoja, ikiwezekana ya nyumbani, na kuhesabu safari nzima kwa saa hiyo. Mama atakapotua New York saa 06:25 alfajiri, wewe Arusha utakuwa kwenye saa 14:25, yaani saa nane na dakika 25 mchana. Kuanzia saa tano na dakika 25 usiku hadi saa nane na dakika 25 mchana ni saa 15 kamili. Wakati wa kurudi, saa 13:00 ya New York ni saa tatu usiku ya nyumbani, na tangu saa tatu usiku hadi saa tano kasorobo asubuhi ni saa 13 na dakika 45. Ukihesabu hivyo, zile saa 7 na saa 22 zinatoweka, na inabaki tofauti ya saa moja na robo tu kati ya kwenda na kurudi. Tofauti hiyo ni ya kweli, na nitaieleza mbele kidogo.

Tofauti ya saa 8 hudumu majira ya baridi tu. Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya mwezi Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi tulio karibu na ikweta, ambao urefu wa mchana wetu haubadiliki sana, hatuna desturi hiyo. Kwa hiyo anayesafiri Julai atahesabu tofauti ya saa 7.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili kuna mtego wa pili, na naomba uutazame kwa makini kwa sababu umewahi kuinasa familia yangu. Siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, lakini tiketi huhesabu tangu usiku wa manane. Shangazi yangu aliwahi kumsomea mwanawe tiketi kwa simu, akasema kwa sauti, "nafika saa sita na dakika 25." Kijana, ambaye alilelewa kwa Kiswahili na anakitumia vizuri, akaelewa saa sita mchana, akaenda uwanjani kwa wakati huo. Shangazi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake tangu alfajiri, na simu yake haikuwa na laini ya kule. Tangu siku hiyo, tiketi ya mzee yeyote ninaiandika upya kwa mkono kwenye karatasi, kwa maneno: "Utafika saa kumi na mbili na dakika 25 alfajiri, kwa saa za huko." Fanya hivyo kwa mama, na nakala moja umtumie atakayempokea.

Kuna jambo jingine la namna hiyo, ingawa halihusu tiketi yako. Safari inayoandikwa saa 00:15 ya tarehe 13 huondoka robo saa tu baada ya tarehe 12 kwisha, na msafiri anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 12. Wapo waliokwenda tarehe 13 jioni wakakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Sasa tuje kwenye ramani. Kama shule iliyo karibu nawe ina tufe la dunia, liazime kwa dakika tano, uliweke mezani ukiwa na uzi wa kushonea. Shika ncha moja ya uzi juu ya Nairobi kwa kidole gumba, nyingine juu ya New York, kisha uvute uzi mpaka ukaze. Utauona ukiteleza wenyewe kuelekea kaskazini, kwa sababu uzi uliokazwa hutafuta njia fupi. Utatoka Nairobi kuelekea kaskazini magharibi, utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur iliyo magharibi mwa Sudan, Chad, kaskazini mashariki mwa Niger, utaikata Aljeria kwa mshazari, utaiacha Afrika kwenye pwani ya Moroko si mbali na Marrakech, kisha utavuka Atlantiki ukigusa visiwa vya Azores. Utapanda mpaka karibu latitudo ya 42 kaskazini, juu kidogo kuliko New York yenyewe iliyo kwenye 40.6, ndipo ushuke mjini. Peleka sasa rula kwenye ramani ya ukutani: itakupitisha kaskazini mwa Kongo, Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania. Mstari huo wa rula unapendeza machoni, lakini ukiufuata juu ya dunia halisi utasafiri kama kilomita 12,190, zaidi ya kilomita 350 za ziada. Ramani ya ukutani imechukua kitu cha mviringo ikakilaza kwenye karatasi, na kila tunachokivuta ili kilale bapa kinaharibika mahali fulani. Kwa ramani nyingi, kinachoharibika ni umbali wa maeneo yaliyo mbali na ikweta.

Njia ya uzi huitwa njia ya duara kuu, kwa kuwa ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Hesabu yake haihitaji zaidi ya trigonometria ya sekondari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko latitudo ya 1.3 kusini na longitudo ya 36.9 mashariki, uwanja wa John F. Kennedy uko latitudo ya 40.6 kaskazini na longitudo ya 73.8 magharibi. Pembe kati ya viwanja hivyo, ukiipima kutoka katikati ya dunia, ni takriban digrii 106.5, na kila digrii moja juu ya uso wa dunia ina kilomita 111.2 hivi. Zidisha, utapata kama kilomita 11,840. Marubani wanahesabu kwa maili za baharini, na wana sababu nzuri: maili moja ya baharini, mita 1,852, ni sehemu moja ya 60 ya digrii hiyo, kwa hiyo pembe hugeuka umbali bila kusumbuana na desimali.

Lakini ndege haifuati kikamilifu uzi ule wa kwenye tufe. Anga ina mipaka na wenyewe, na anayepanga njia hulazimika kupima usalama kabla ya ufupi. Vita vya Sudan vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, sehemu kubwa ya anga ya nchi hiyo ilifungwa, na Darfur, ambayo uzi wetu unaipita, haikupitika tena. Mwaka huo huo Niger ilifunga anga yake tarehe 6 Agosti na kuifungua tarehe 4 Septemba, na katika wiki hizo nne kila safari iliyotakiwa kuvuka Sahara ilibidi ipangwe upya. Kupinda namna hiyo huongeza kilomita mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana kikokotoo cha umbali kinachokuambia kilomita 11,840 na muda wa saa 13 kimesema kweli kuhusu umbali na kukosea kuhusu muda: kimegawa tu namba moja kwa nyingine, kama kwamba anga haina mwenyewe wala upepo.

Upepo ndio unaoeleza ile saa moja na robo iliyobaki. Safari hii ilipoanza tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Kenya kupewa daraja la kwanza la usalama wa anga na mamlaka ya Marekani mwezi Februari 2017, Kenya Airways ilitumia ndege ya Boeing 787-8, ambayo ikiwa juu hukata hewa kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa. Nasisitiza maneno "hukata hewa", kwa sababu hewa yenyewe inatembea. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, katika latitudo za kati, hupita mkondo wa upepo wenye nguvu uendao kutoka magharibi kwenda mashariki, na mkondo huo hupata nguvu zaidi majira ya baridi ya kaskazini, yaani Desemba hadi Februari, wakati ule ule wa safari ya mama. Si ajabu kuukuta ukienda kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anaukabili kwa uso. Anayerudi unamsukuma mgongoni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020 mkondo huo uliisukuma ndege ya British Airways ya aina ya Boeing 747 kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6.

Tujaribu kwa namba zetu. Tuseme njia halisi, pamoja na mapindo, imefika kilomita 12,100, na tuseme wastani wa upepo kwa njia nzima ni kilomita 50 kwa saa tu, kwa kuwa nusu ya safari iko juu ya Afrika na huko upepo hutofautiana sana. Kwenda, ndege itasonga kilomita 850 kwa saa juu ya ardhi, na itachukua saa 14 na robo. Kurudi itasonga 950, na itachukua saa 12 na dakika 45 hivi. Ongeza kama nusu saa ya kusukumwa kutoka maegesho, kutembea hadi barabara ya kurukia, kupanda, kushuka na kutafuta nafasi ya kuegesha, kwani muda wa tiketi huanza ndege inapoachana na maegesho na kwisha inapoegeshwa, wala si tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Ongeza dakika chache za akiba kwa ajili ya foleni ya angani juu ya New York, ambako viwanja vitatu vikubwa vinagombea anga moja. Utakuwa umefika karibu kabisa na zile saa 15 na saa 13 na dakika 45.

Wengi huniambia kwamba tofauti hiyo inatokana na dunia kuzunguka, na kwamba anayekwenda magharibi angepaswa kufaidika kwa kuwa mji unamfuata. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Mtu anayetembea kwenye sitaha ya boti la Zanzibar, akienda tezi au omo, huchukua hatua zile zile, kwa sababu boti limembeba. Ikweta inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Lau kama hewa isingefuatana nayo, upepo huo usingeacha nyumba imesimama Nairobi.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kwa nini ndege huondoka usiku wa manane kumsumbua mtu mzima. Saa za kufika na za kuunganisha safari zina sehemu yake, lakini kuna sababu ya kifizikia ninayoipenda. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na pia nguvu ya mabawa ya kuinua ndege. Jua la mchana likiipasha, huwa nyepesi zaidi. Ndege iendayo New York inabeba mafuta mengi mno: matangi ya 787-8 yanachukua lita zipatazo 126,000, na mpangaji lazima aweke mafuta ya njia, akiba ya njiani, ya kufikia uwanja mwingine endapo New York itafungwa kwa theluji, na juu ya hayo dakika 30 ambazo rubani hatakiwi kuzigusa. Kwa mzigo huo, hewa ya baridi ya usiku na barabara ya kurukia yenye urefu unaozidi kilomita 4 ni neema. Uwanja wa John F. Kennedy uko mita chache tu juu ya bahari, ndiyo maana wakati wa kurudi kuondoka saa saba mchana hakuna shida yoyote.

Mwandae mama kwa usiku mrefu kuliko wowote alioupata maishani. Jua litakuwa limezama Nairobi karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndege itaruka kuelekea magharibi, ikilikimbia pambazuko, kwa hiyo saa 15 zote za safari zitakuwa giza, na atakapotua bado jua la New York litakuwa halijachomoza, kwani katikati ya Desemba huko huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Tangu jua lizame mpaka alione tena ni zaidi ya saa 20. Asishangae akiamka mara mbili, akafungua kidirisha, akakuta nyota zile zile. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: jua litazama kama saa mbili baada ya kuruka, na usiku wote hautazidi saa 9 hivi. Watu wengi huona kurudi mashariki kunawachosha zaidi, maana mwili huona vigumu kulala mapema kuliko kuchelewa kulala.

Wapo watakaokushauri apitie Ulaya au Ghuba. Kwa umbali tu, hasara ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680 na Amsterdam hadi New York 5,850, jumla 12,530 hivi, kilomita 690 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Kupitia Doha, ambako mtu huanza kwa kwenda upande usio wake, jumla hufika karibu kilomita 14,120. Gharama yenyewe iko katika kushuka, kukaguliwa tena, kutafuta lango la kuondokea na kukaa kwenye viti vya chuma kwa muda wa saa tatu hadi tisa. Kwa mzee wa miaka 68 anayesafiri peke yake, mimi ningechagua ya moja kwa moja, hata kama bei imezidi kidogo.

Na usihesabu safari yake kwa saa 15 tu. Akitoka nyumbani Arusha saa mbili asubuhi ya tarehe 12, kwa basi la kupitia Namanga, na kuvuka mpaka bila msongamano, atafika Nairobi mchana. Anatakiwa uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, yaani saa mbili na dakika 25 usiku. Atakapotua New York itakuwa saa nane na dakika 25 mchana kwa saa zenu. Uhamiaji na mizigo vitamchukua saa moja na nusu hadi mbili, kisha barabara ya kwenda kwa mwanawe. Kwa vyovyote itakuwa karibu saa kumi na mbili jioni ya tarehe 13 kwenu kabla hajavua viatu: saa 34 tangu afunge mlango wake. Kama anatumia dawa za kila siku, muulizeni daktari wake kabla, na mmpelekee swali hilo kwa hesabu ya saa zilizopita tangu kidonge cha mwisho, wala si kwa saa ya ukutani, maana saa ya ukutani itarudi nyuma saa nane mara tu atakaposhuka.

Mnunulie saa ya mkononi yenye mishale, muiache kwenye saa za Arusha, na mwambie asiirekebishe mpaka atakapokuwa amelala usiku wa kwanza kwa mjukuu wake. Simu itajibadilisha yenyewe ikipata mtandao; hiyo ya mkononi ndiyo itakayomwambia, pale atakapokuwa juu ya Aljeria katika giza, kwamba wewe nyumbani umeshaamka na unamfikiria.